MWALIMU NAYE YUMO VITANI: FUNZO KUTOKA BONDENI

Vita vinapokwisha huhesabiwa mengi. Huhesabiwa askari waliokufa na waliorudi, madaraja yaliyovunjwa, mifugo iliyoporwa na fedha zilizoteketea. Husimamishwa mnara, hutengwa siku ya kuwakumbuka mashujaa, na nyimbo za ushindi huimbwa. Yote hayo ni haki. Lakini yuko mtu mmoja ambaye kwa desturi hahesabiwi, wala katika orodha ya wapiganaji, wala katika orodha ya walioumizwa. Mtu huyo ni mwalimu.

Askari hupewa mgao wa chakula, daktari wa kikosi na mkubwa wa kumwuliza habari zake. Mkimbizi naye, kwa kiasi fulani, hupewa turubai na kibaba cha unga. Mwalimu hupewa darasa. Huambiwa watoto wapo, kwa hiyo afundishe. Hakuna aulizaye kama amekula, kama mshahara umefika, kama nduguye amerudi kutoka mstari wa mbele, au kama usiku ule alipata usingizi.

Swali linalozuka, basi, ni hili: mwalimu wakati wa vita anaishi kwa nini, na nani mwenye dhamana ya uzima wake? Jibu lake laweza kutafutwa mahali ambapo wengi hawafikirii kulitafuta, yaani Bondeni, katika nchi ya Kyela na mwambao wa kaskazini wa Ziwa Nyasa.

VITA VILIPOVUKA SONGWE

Bondeni ni nchi ya neema. Kutoka chini ya Milima ya Livingstone upande wa mashariki mpaka Mto Songwe upande wa magharibi, ardhi imelala tambarare, ikinyweshwa na Kiwira, Mbaka na Lufilyo. Mpunga hukubali, migomba husimama nyuma ya kila nyumba, na masika yakishuka kwa nguvu zake huyageuza mashamba kuwa ziwa la pili. Lakini nchi iliyo rahisi kulimwa ni rahisi pia kupitiwa na majeshi, hasa ikiwa imepakana na mto ambao wakoloni wawili wameufanya mpaka.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipozuka, mlio wake ulisikika mapema katika Ziwa Nyasa. Tarehe 13 Agosti 1914 meli ya Waingereza iliyoitwa Gwendolen iliishambulia meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, huko Liuli. Tarehe 9 Septemba mwaka uleule majeshi ya pande mbili yalipigana Karonga, mwendo mfupi tu kutoka Songwe. Kisha mwishoni mwa Mei 1916 majeshi ya Jenerali Northey yalivuka mpaka, na makao ya Wajerumani ya Neu Langenburg, ambayo leo ni Tukuyu, yakatwaliwa. Mwaya, iliyokuwa bandari ya amani ya mchele na abiria, ikawa lango la kupitishia mizigo ya vita.

Wakati huo shule za Bondeni zilikuwa mikononi mwa misioni. Wamoraviani walifika Rungwe mwaka 1891, na mwaka 1894 wakafungua kituo cha Ipyana katika nchi tambarare. Misioni ya Berlin ilikuwa na vituo vyake vya ziwani, Ikombe na Matema. Kuzunguka kila kituo zilikuwapo shule ndogondogo za vijijini, na waliozifundisha walikuwa vijana wa Kiafrika, wana wa nchi ile, ambao jana tu walikuwa wanafunzi.

Waingereza walipoingia, wamisionari wa Kijerumani walikamatwa na kuondolewa. Kwa siku chache tu, yule aliyelipa mshahara, aliyegawa vitabu, aliyeandika barua kwa wakubwa na aliyeamua magomvi akawa hayupo. Shule nyingi zilifungwa. Walimu wa Kiafrika wakabaki na jengo, ubao, na watoto waliokuwa wakiangalia uso wa mwalimu wajue kama dunia bado ipo.

MAMBO MANNE ALIYOPUNGUKIWA

Hapana budi kuyatazama kwa utulivu mambo aliyopungukiwa mwalimu yule, kwa kuwa ndiyo anayopungukiwa kila mwalimu wa vita mpaka leo.

La kwanza ni riziki. Mshahara mdogo uliotoka mkononi mwa mmisionari ulikatika naye. Hata aliyekuwa na akiba alijikuta maskini, kwa sababu noti za dharura zilizochapishwa na serikali ya Kijerumani wakati wa vita hazikuwa na thamani mbele ya utawala mpya. Wakati huohuo vyakula na ng'ombe vilichukuliwa kulisha majeshi.

La pili ni usalama wa mwili. Vita vile vya Afrika Mashariki vilipiganwa juu ya vichwa na mabega ya wapagazi. Ng'ambo ya Songwe waliitwa tengatenga; Dar es Salaam wamekumbukwa kwa jina la Kariakoo. Katika majeshi ya Waingereza peke yake walikusanywa watu wanaokaribia milioni moja, na waliokufa, wengi wao kwa njaa, kuhara na homa, wanakadiriwa kuwa kiasi cha laki moja. Kijana mwenye nguvu, awe mkulima au mwalimu, alikuwa bega tu machoni pa mwenye kutafuta wapagazi. Kisha mwishoni mwa 1918 ikaja homa kuu ya mafua, ikawamaliza wengi walioachwa na vita.

La tatu ni heshima na kuaminiwa. Mwalimu anajua kusoma na kuandika, na wakati wa vita ujuzi huo huwa shaka. Kule Ugogo na Ukaguru, walimu wa Kiafrika wa misioni ya Kiingereza walishukiwa na Wajerumani kuwa wapelelezi. Wakafungwa, wakapigwa, na wengine wakapelekwa Tabora, wasipate kufunguka mpaka mji ule ulipotekwa Septemba 1916. Mwalimu wa Bondeni alikuwa upande wa pili wa shaka hiyohiyo. Jana alikuwa mfanyakazi wa Mjerumani. Leo Mwingereza anamtazama na kujiuliza huyu ni mtu wa nani. Hakuna aliyefikiri kwamba pengine ni mtu wa watoto wa kijiji chake.

La nne ni utulivu wa moyo. Hili halina risiti wala hesabu, na ndiyo sababu maofisa hulisahau. Mwalimu hubeba hofu yake mwenyewe, kisha hubeba na ya watoto arobaini. Mtoto ambaye baba yake ametwaliwa kwenda kubeba mizigo huja shuleni na swali, naye mwalimu hana jibu. Huandika herufi ubaoni ili mkono upate kazi na moyo upate kupumua.

Pamoja na hayo yote, kazi haikufa. Ulezi wa misioni zile ulipewa Waskoti wa Livingstonia, waliokuwa wachache na mbali. Hivyo uzito wa kila siku uliwaangukia wazee na walimu wa Kiafrika wenyewe. Wajerumani waliporuhusiwa kurudi katikati ya miaka ya 1920, walikuta waumini hawakutawanyika na hamu ya kusoma haikuzimika. Walikuta pia watu waliokwisha kujifunza kujiongoza, jambo ambalo si kila mgeni hupendezwa nalo. Na mwaka 1939, vita vya pili vilipozuka na wamisionari wa Kijerumani wakawekwa tena kizuizini, watu wa Bondeni walikuwa tayari wanajua la kufanya.

NGUVU ILITOKA WAPI?

Je, mwalimu yule asiye na mshahara, mwenye kushukiwa na pande zote, alisimama kwa nguvu gani?

Kwanza, alikuwa na shamba. Mgomba hauulizi rupia ya nani imeshinda. Pili, na hili ndilo kubwa, alikuwa na wenzake. Wanyakyusa wanalo neno ukwangala. Maana yake ni kukaa pamoja na wenzako kwa moyo mweupe: kuongea, kula na kunywa pamoja, kucheka, kupeana mawazo. Wataalamu Godfrey na Monica Wilson, waliokaa katika nchi hiyo kati ya 1934 na 1938, waliona kwamba juu ya neno hilo vilijengwa vijiji vizima vya watu wa rika moja; na wazee waliamini kwamba hekima yenyewe hupatikana katika kukaa na wenzako, kwamba ajitengaye hubaki mjinga.

Wataalamu wa siku hizi wanaochunguza maisha ya walimu katika nchi zenye mapigano hutumia maneno marefu kueleza jambo hilohilo. Husema mwalimu mwenye wenzake wa kukutana nao na kuzungumza nao juu ya mambo magumu hudumu kazini, na yule anayeachwa peke yake huvunjika. Mzee wa Bondeni asingeshangaa kuyasikia hayo.

Lakini hapa pana hatari ya kuteleza. Yuko atakayesema: kama walimu wale waliweza bila mshahara, basi na wa leo waweze. Hayo ni mawazo ya kinyonyaji yaliyovikwa joho la uzalendo. Walimu wa 1916 waliachwa, hawakuchagua kuachwa. Wako waliorudi mashambani, wako waliokufa njiani na mzigo kichwani, na hakuna aliyewaandika. Kumsifu aliyeokoka bila kumhesabu aliyezama ni kujidanganya.

KAGERA NA WALIMU WA UPE

Miaka 62 baada ya Northey kuvuka Songwe, vita viliingia tena nchini, safari hii kutoka kaskazini. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia, na tarehe 1 Novemba Amin akatangaza kwamba ardhi yote ya kaskazini ya Mto Kagera ni mali yake. Daraja la Kyaka likavunjwa. Makumi ya maelfu ya wananchi walikimbilia kusini ya mto, na pamoja nao walimu na wanafunzi wao. Jeshi la nchi, ambalo lilikuwa dogo, lilikuzwa kwa haraka kwa kuongezwa mgambo, polisi, magereza na Jeshi la Kujenga Taifa. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979.

Kinachosahauliwa ni kwamba vita hivyo viliikuta nchi katikati ya vita vingine. Kufuatana na Azimio la Musoma la Novemba 1974, taifa lilikuwa limejipangia kwamba ifikapo Novemba 1977 kila mtoto mwenye umri wa kwenda shule awe na nafasi darasani. Watoto walikuja kwa mamilioni, na walimu hawakuwapo. Ndipo vijana waliomaliza darasa la saba walipochukuliwa, wakafundishwa ualimu kwa miaka mitatu huku wakifundisha vijijini mwao, kwa redio, kwa masomo ya posta na kwa usimamizi wa walimu wazoefu. Kwa mpango huo, ulioanza 1976, waliandikishwa vijana wapatao 45,000. Wenye mizaha wakazigeuza herufi za UPE kuwa "Ualimu Pasipo Elimu". Mzaha huo uliwauma vijana wengi waliokuwa wakisimama mbele ya watoto sabini wakiwa na kipande kimoja cha chaki.

Kyela iko mbali sana na Kyaka, lakini vita havijui umbali. Malori yaliyochukuliwa kubeba majeshi ndiyo yaliyokuwa yabebe madaftari. Mafuta yaliyokwenda mstari wa mbele ndiyo yaliyokuwa yamfikishe mkaguzi shuleni na mshahara kwa mwalimu. Na vita vilipokwisha, njaa yake ilibaki. Mwalimu Nyerere aliwaomba wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18. Miezi hiyo ikawa miaka. Katika miaka ya mwanzo ya 1980 mwalimu wa kijijini alipanga foleni kutafuta kipande cha sabuni ili asimame mbele ya watoto akiwa na shati safi. Alitembea kwenda mjini kufuata mshahara, akaambiwa arudi wiki ijayo. Wanafunzi walikaa siku hizo bila mwalimu, na mwalimu akaitwa mtoro.

Ndugu watumishi, mstari wa mbele wa vita vya Kagera ulikuwa mrefu kuliko unavyoonyeshwa katika ramani. Ulipita katika kila ofisi ya mhasibu wa wilaya na katika kila ubao wa shule ya msingi.

MWALIMU SI ASKARI

Liko jambo lingine gumu zaidi, nalo ni hili: mwalimu anaweza kulazimishwa kubaki mahali pa hatari?

Tarehe 22 Novemba 2014, karibu na Mandera, kaskazini-mashariki ya Kenya, wauaji wa Al-Shabaab walilisimamisha basi na kuwaua abiria 28. Wengi wao walikuwa walimu waliokuwa wakirudi makwao kwa likizo. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa. Walimu waliotoka sehemu nyingine za nchi walikataa kurudi kazini na wakadai uhamisho. Waliokuwa Nairobi walisema kila mtumishi lazima aende anakopelekwa. Waliokuwa Mandera, Wajir na Garissa walibaki na shule zisizo na walimu. Mwanzoni mwa 2020, baada ya walimu wengine watatu kuuawa huko Kamuthe, mambo yalijirudia.

Nani alikuwa na haki? Mwalimu aliyekimbia alikuwa na haki ya uhai wake. Mtoto aliyebaki alikuwa na haki ya kusoma. Haki hizo mbili zikigongana, kosa si la mwalimu wala la mtoto. Ni la wale waliopaswa kujiandaa na hawakujiandaa. Serikali yoyote haiwezi kumdai mtu ushujaa ambao haikumwandalia ulinzi, mshahara wala njia ya kutokea. Askari hutia saini akijua. Mwalimu alitia saini kufundisha hesabu na kusoma.

Hapo funzo la Bondeni linarudi. Walimu waliobaki mwaka 1916 walikuwa wana wa mahali pale, wenye mashamba, jamaa na marika yao. Walimu wa UPE nao walitoka katika vijiji walivyofundisha. Mwalimu mwenye mizizi hang'olewi na upepo wa kwanza. Nchi yenye busara huwafunza vijana wa kila pembe kuwa walimu wa pembe hiyo, hasa pembe za mipakani, kabla ya siku ya shida.

YAPASAYO KUTENDEKA WAKATI WA AMANI

Ni dhahiri kwamba uzima wa mwalimu wakati wa vita huamuliwa wakati wa amani. Mambo machache yafaa kusisitizwa.

Mshahara wa mwalimu uwe na njia ambayo haikatwi kwa daraja moja kuvunjika. Siku hizi ambapo fedha husafiri kwa benki na kwa simu, hakuna udhuru wa mwalimu kukaa miezi mitatu bila kulipwa kwa kisingizio cha hali ya usalama.

Kumbukumbu za walimu zitunzwe mahali zaidi ya pamoja. Mwalimu aliyekimbia huku cheti chake kimeungua asilazimishwe kuthibitisha upya kwamba yeye ni mwalimu. Na walimu walio wakimbizi watazamwe kama walimu. Katika kambi ya Nyarugusu, Kasulu, iliyofunguliwa mwaka 1996, walimu kutoka Kongo na Burundi wamefundisha vizazi vya watoto kwa posho ndogo isiyofanana na kazi yao. Mtu huyo hapungukiwi ualimu kwa kuvuka mpaka.

Shule isigeuzwe kambi ya jeshi. Darasa likilala askari, adui hulihesabu kuwa ngome, na mwalimu na wanafunzi hulipa gharama. Kadhalika mwalimu asiongezewe kazi ya upelelezi wala ya kuandikisha watu vitani. Walioteseka Ugogo waliteseka kwa shaka tu. Shaka hiyo isipewe sababu.

Mwisho, na lisidharauliwe kwa udogo wake, walimu wapewe nafasi na muda wa kukutana. Chumba cha walimu kisiwe mahali pa kusahihishia madaftari na kugombezwa tu. Mwalimu mkuu mwenye busara huwaketisha wenzake, huuliza habari za nyumbani, humsikiliza aliyefiwa, na humpunguzia vipindi aliyezidiwa. Jambo hilo halihitaji fungu la bajeti. Kyela walilijua kabla hakujawa na ofisi ya elimu.

TAMATI

Ndugu walimu, ndugu watumishi wa umma,

Leo Mto Songwe unapita kwa amani. Wafanyabiashara huvuka kwenda na kurudi, mchele wa Kyela unaliwa mbali, na watoto wa Ipyana, Mwaya na Matema huenda shuleni wakiruka madimbwi ya masika. Amani hiyo ndiyo nafasi ya kujiandaa. Taifa haliwezi kusubiri mizinga ilie ndipo likumbuke kwamba anayewatuliza watoto naye ana moyo unaohitaji kutulizwa.

Majina ya walimu wengi wa Bondeni wa 1916 hayakuchorwa juu ya mnara wowote. Walichoacha ni watoto waliojua kusoma, ambao nao walifundisha wengine. Wanyakyusa wakitaka kushukuru husema ndaga fijo. Neno hilo wanastahili kuambiwa walimu wa vita wote, na wanastahili waambiwe wangali hai, huku mshahara wao ukiwa mkononi.